Gitaa Halina Waya

Kuna video moja ya dakika nne na ushee inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa zilipendwa. Picha yake imechoka, rangi zimevuja, na pembeni kuna mistari ile ya kanda ya deki iliyochezwa mpaka ikachakaa. Ndani yake wapo wanaume watano waliovaa mashati ya kitenge yanayofanana, nyuma yao pazia la bluu. Mmoja ameshika gitaa jekundu. Solo inapoingia kamera inamkimbilia yeye. Anafumba macho, anainamisha kichwa, vidole vinatembea.

Ukiitazama mara ya kwanza unasema aisee, mzee huyu anajua. Ukiitazama mara ya pili, hasa kama una jicho la umbea, unagundua kitu. Gitaa halina waya.

Kwa dada mmoja wa Muheza mwenye saluni ya kusuka karibu na stendi, video hiyo ilikuwa fahari ya maisha. Aliyeshika gitaa jekundu ni mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea baada ya mama kufariki. Muheza nzima haimwiti mjomba kwa jina lake la shule. Anaitwa Mzee Solo. Bodaboda wanamwita hivyo, wauza machungwa wanamwita hivyo, hata karani wa kata alishawahi kuandika "Mzee Solo" kwenye orodha ya mkutano, watu wakacheka, ikabaki vilevile.

Jina hilo lilizaliwa usiku mmoja tu, mwaka 1998.

Wanaozaliwa na simu mkononi huenda wasielewe, lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara watu walikuwa na redio na masikio. Mwanamuziki ulimjua kwa sauti. Ungeweza kupenda gitaa la mtu miaka 20 bila kujua kama ni mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Ukitaka kumwona, usubiri bendi ipite mjini kwenu, ulipe kiingilio, ukae ukumbini.

Kwa hiyo bendi moja ya zamani ya Tanga, iliyokuwa imeshavunjika na kubaki na watu watano hai, ilipoitwa Dar es Salaam kwenye kipindi cha muziki wa kale, hiyo haikuwa habari ya kawaida. Mjomba alipanda basi na shati lake likiwa limepigwa pasi na kufungwa kwenye gazeti. Wiki mbili baadaye kipindi kikarushwa. Pale mtaani televisheni ilikuwa baa moja, iliyofungwa juu kabisa ndani ya kibanda cha nondo kana kwamba ni mfungwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Yule dada alikuwa na miaka tisa. Watoto hawakuruhusiwa ndani, akasimama juu ya kreti la soda dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili.

Solo ilipoingia na sura ya mjomba kujaa kioo kizima, baa ililipuka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Solooo!" Wengine wakaitikia. Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kona, chupa mbele yake haijaguswa. Mtoto kule dirishani aliliona hilo, akadhani ni aibu ya mtu mstaarabu. Walimbeba juujuu mpaka nyumbani.

Kilichofuata hakuna aliyekitilia maanani. Mjomba alilichukua gitaa lake mwenyewe, lile alilokuwa akilipiga jioni jioni barazani, akalivalisha foronya, akaliweka juu ya kabati. Hakulishusha tena. Ukimwuliza, anasema vidole vimekufa ganzi.

Sasa ili uelewe uzito wa jambo hili inabidi ukumbuke Tanga ilikuwa nini. Watu wanaijua kwa mkonge na ule msemo wa waja leo waondoka leo, lakini kwenye muziki mji ule ulikuwa mwamba. Kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, mahasimu wa kweli, kila moja na mashabiki wake. Ndugu wawili waliopitia Jamhuri, Wilson na George Kinyonga, ndio waliokwenda Arusha kisha Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Upande wa taarab kulikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila binti Said. Baadaye wakaja Wagosi wa Kaya kuwaambia watu ukweli mtupu kwa lafudhi ya nyumbani. Hata Muheza yenyewe, mwaka 2020 ilimpeleka bungeni Hamis Mwinjuma, ambaye wengi mnamjua kama Mwana FA. Huku mtu akijiita mwanamuziki, watu wanataka kusikia.

Na enzi za mjomba kusikia kulikuwa kusikia kweli. Bendi ikienda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa inaingia studio yote kwa pamoja. Hakuna kusema gitaa leo, besi kesho, sauti mwezi ujao. Wote mnapiga kwa mpigo mmoja, mpiga tumba akikosea dakika ya tatu mnarudi mwanzo. Kilichotoka pale kilikuwa kile walichofanya. Ndiyo maana nyimbo zile ukizisikiliza vizuri unamsikia mtu anakohoa, unasikia kiti kikilia. Ni watu walikuwa chumbani.

Kwenye bendi hizo magitaa yalikuwa na vyeo. Kuna solo, huyo ndiye anayeongea, anayepanda juu na kuwapagawisha watu. Kuna rizimu, anayebeba mwendo. Kuna besi. Halafu katikati kuna sekondi solo, ambaye kazi yake ni kumjibu solo. Solo anauliza, sekondi anaitika. Mashabiki wengi hawamjui sekondi. Lakini mtoe uone, wimbo unabaki kama mtu anayeongea peke yake njiani.

Yule dada alikua akijua hayo kidogo kidogo, kama mtoto anavyojua mambo ya nyumbani kwao. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Bongo Fleva. Daftari lake la sekondari lilikuwa limejaa mashairi ya nyimbo kuliko hesabu. Alikuwa na msanii wake mmoja, jina lake tuliache, ambaye picha yake aliikata gazetini na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, chini kabisa ya lile gitaa lenye foronya.

Akiwa na miaka 16 msanii huyo akaja Tanga, uwanja wa Mkwakwani. Binti aliweka akiba ya hela ya mandazi miezi miwili. Kutoka Muheza mpaka Tanga mjini ni chini ya saa moja kwa Coaster, lakini siku hiyo ilikuwa kama safari ya kwenda Makka. Akapata nafasi mbele kabisa. Msanii akatoka, moshi, taa, watu wanazimia. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wimbo wa pili ukaenda. Wa tatu, katikati ya kiitikio, CD ikakwama.

Yaani ilikwama ile ya kurudia silabi moja, ta-ta-ta-ta-ta, kama kuku anayedonoa bati. Na msanii, kipaza sauti kikiwa mdomoni, akaendelea kutikisa midomo kwa sekunde kadhaa kabla hajashtuka. Kukawa kimya. Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko, na baada ya kicheko zikaanza chupa za maji.

Binti alirudi nyumbani usiku, akaibandua ile picha na kuichana. Mjomba alikuwa amekaa na kiredio chake. Akamwuliza kulikoni. Binti akasimulia kwa hasira zote za umri ule. Kumbe yule mtu haimbi! Kumbe ni mwongo! Watu wamemzomea, na yeye mwenyewe amezomea.

Mjomba akanyamaza kidogo, akasema, "Usimcheke, mwanangu. Huwezi kujua aliambiwa nini kabla ya kupanda."

Ndiyo hayo tu. Akaongeza sauti ya redio.

Kwa kweli hilo la kupanda na kujifanya si la Bongo peke yake, na si la juzi. Wazungu wenye muziki wao wa rock nao wametikisa midomo sana. Kule Uingereza kipindi cha Top of the Pops kilianza 1964, na kwa miaka mingi bendi zilikuwa zinasimama studio huku rekodi inacheza na wao wanaigiza. Mwaka 1967 Jimi Hendrix alisimama pale na gitaa lake, mafundi wakamwekea wimbo wa mtu mwingine kabisa, ikabidi aseme hajui maneno yake. Na huyu wa kwetu, Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe Zanzibar mwaka 1946, yeye na Queen walipopelekwa tamasha la San Remo Italia mwaka 1984 na kuambiwa waigize, alikisogeza kipaza sauti mbali na mdomo makusudi, ili kila mwenye macho aone. Mwaka uliofuata akasimama Wembley kwenye Live Aid akaimba mubashara, na mpaka leo dunia inasimulia.

Sababu zenyewe si uchawi. Bendi ya watu kumi inataka vipaza sauti vingi, ngoma peke yake zinakula vinne vitano, inataka fundi mwenye sikio, inataka nusu siku ya kupima sauti kabla ya mtu kuimba neno moja. Rekodi inataka kubonyeza kitufe. Kamera nayo inapenda rekodi, maana ukirudia mara tatu urefu ni uleule, unaunganisha picha bila taabu. Na Bongo Fleva yenyewe ilizaliwa kwenye kompyuta, mikononi mwa watu kama P-Funk na Master J. Msanii wa mkoani hakuwa na bendi ya kutembea nayo, alikuwa na CD mfukoni. Ndiyo maana msanii kama Lady Jaydee alipojitwisha mzigo wa kuwa na Machozi Band, watu walimheshimu kwa namna nyingine. Wanajua gharama yake.

Lakini kuna kuigiza sauti yako mwenyewe, na kuna kuigiza sauti ya mtu mwingine. Hapo ndipo Milli Vanilli walipozama. Mwaka 1990 walipewa Grammy, na mwaka huohuo wakanyang'anywa, baada ya kujulikana kwamba sauti kwenye rekodi hazikuwa zao. Waliokuwa wakiimba kweli walikuwa watu wengine waliobaki gizani.

Turudi Muheza.

Mwaka jana mtu mmoja aliitoa ile kanda ya 1998 kwenye makorokoro yake, akaihamishia kwenye simu, akaitupia kwenye kundi. Yule dada, sasa mama wa watoto wawili, alikuwa kwenye kundi hilo kwa sababu ya mjomba, ambaye hana simu kubwa. Alipoiona alipiga yowe mpaka mteja aliyekuwa chini ya drya akaruka. Akaichezesha kwenye televisheni ya saluni mara tano. Kwenye kundi akaandika kwa majivuno yote: huyo mwenye gitaa jekundu ni mjomba wangu, Mzee Solo wa Muheza, yuko hai, ana miaka 74.

Sifa zikamiminika. Makopa, moto, makofi. Kijana mmoja mjuaji akauliza, "Mbona gitaa halina waya?" Wakamjibu kwamba ni mambo ya TV, pleibeki, lakini rekodi si ni yao wenyewe? Yakaisha.

Saa nne usiku ikaingia ujumbe kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida huwa hachangii. Mwanaume wa makamo wa Soni, kule kwenye kona za kupandia Lushoto. Aliandika bila kopa wala moto.

"Samahanini wakubwa. Hiyo solo ni ya marehemu baba yangu. Alirekodi 1974, alifariki 1991. Huyo mtu kwenye picha simjui. Naomba aache kujiita Solo."

Kundi likachafuka. Kuna waliosema kijana ana wivu. Kuna waliosema tuleteeni ushahidi. Kuna waliomtaja mjomba kuwa ni tapeli wa miaka yote. Mmoja akatuma kikatuni cha mtu anayekimbia. Yule dada aliandika jibu refu lenye matusi mawili, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta. Hakulala. Kilichomnyima usingizi si yale maneno ya yule mtu. Ilikuwa ile chupa mezani mwaka 1998, haijaguswa.

Alfajiri alikwenda kwa mjomba kabla ya kufungua saluni. Alimkuta anakunywa chai ya mchaichai. Akamwamkia, akaitikiwa, akakaa. Akamwonyesha simu. Mzee aliitazama video mpaka mwisho bila kusema neno, akaivaa miwani vizuri, akausoma ujumbe wa Soni polepole, midomo ikitikisika.

"Anasema kweli," akasema.

Akasimulia. Walipofika studio Dar waliwakuta vijana wa watu wana haraka. Walikuwa wamebeba vyombo vyao, wakaambiwa haina haja, kuna vya mapambo. Mjomba akapewa gitaa jekundu. Akauliza waya uko wapi. Wakacheka. Wakaambiwa kanda ya redio itapigwa, nyie fuatisheni. Sawa. Lakini mpiga solo alikuwa ameshakufa miaka saba nyuma, na kijana aliyekuwa anapanga kamera alitaka mtu wa kusimama mbele. Akamwonyesha kidole mjomba. Mjomba akasema mimi si solo, mimi ni sekondi, solo alikuwa fulani na amekufa, labda mtaje jina lake.

"Yule kijana akaniambia, mzee, nani atajua?" alisema. "Si mbaya yule. Alikuwa na kazi yake. Nikasema kweli, nani atajua? Nikasimama mbele. Ilipoingia ile solo nilifumba macho. Watu walidhani ni utamu. Nilikuwa namsikia yeye, mwanangu. Nilikuwa naona haya kumtazama."

Dada akauliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo.

"Nilirudi hapa nikabebwa mabegani. Ungesemaje ukiwa juu ya mabega ya watu? Kesho yake nikasema nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo nilikuwa nimeshakuwa Mzee Solo. Kila shikamoo ninayopewa mtaa huu inamwita marehemu, na anayeitika ni mimi."

Halafu akasema jambo ambalo dada alilibeba mpaka leo. Alisema kilichomwuma zaidi si kuchukua ya rafiki yake. Ni kwamba kwenye ile kanda ya 1974 mwenyewe yumo, amepiga, tena vizuri, na siku ile ya TV hakuna mkono hata mmoja uliokuwa unaicheza sehemu yake. Alimwigiza mwenzake akajiacha mwenyewe bila mtu.

Dada alitaka kuandika kwenye kundi kwa niaba yake. Mzee akakataa. Akasema mambo ya namna hii hayatumwi mtu. Akamwambia lete kiti, nishushie lile gitaa.

Nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu. Dada alifunga saluni siku nzima, siku ya Ijumaa yenye wateja, akaenda Tanga mjini kutafuta nyuzi. Aliporudi mzee akauliza, "Na waya?" Hakukuwa na waya. Dada akasema mjomba, tunarekodi kwa simu tu, piga hivyohivyo inatosha. Mzee akatikisa kichwa. "Bila waya sipigi tena maishani."

Ikabidi waazime kwa kijana mpiga gitaa wa kwaya, nyumba ya tatu. Kijana akaja na waya, na udadisi wake juu. Wakalichomeka gitaa kwenye sabufa ya saluni, likanguruma, likapiga kelele, likatulia. Jumamosi nzima na Jumapili mzee akawa anatafuta vidole vyake. Vingine alivipata, vingine hakuvipata. Watoto walikaa mlangoni wakisubiri wimbo, wakasikia sauti moja ikirudiwa mara mia, wakachoka wakaenda kucheza mpira.

Jumapili jioni akasema yuko tayari. Akaomba ile rekodi ya zamani ichezwe kwenye simu moja, wao warekodi kwa nyingine. Kwanza akaongea. Sauti ilikuwa kavu lakini haikutetemeka.

Alitoa salamu. Akasema jina lake kamili, lile la shule. Akasema, mwanangu wa Soni, umesema kweli na wala hukunikosea. Solo mnayoisikia ni ya baba yako, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake alipoipiga. Mwaka 1998 nilisimama mahali pake na sikusema. Nakuomba radhi wewe, mama yako kama yupo, na wadogo zako. Mimi nilikuwa sekondi. Sikilizeni, sekondi ni hii.

Wimbo ukaanza kwenye simu. Solo ya marehemu ikauliza, na mzee akaitika. Kanda ilikuwa inapiga na yeye alikuwa anapiga, kwa mara ya kwanza tangu rafiki yake afe. Alikosea mara mbili. Mahali pamoja alichelewa kabisa, ikabidi aruke mstari ili amkute mwenzake mbele. Kijana wa kwaya alikuwa ameshika mdomo. Dada yeye alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama alivyoshika nondo za dirisha la baa.

Ukatumwa kwenye kundi. Dakika tano, kumi, nusu saa. Watu waliusikiliza, alama za bluu zinaonekana, lakini hakuna aliyeandika kitu. Hata yule wa vikatuni alinyamaza. Wote walikuwa wanasubiri Soni.

Jibu lilikuja saa tatu usiku, nalo kwa sauti. Nyuma yake walisikika watoto na mwanamke mzima anayelia taratibu.

"Shikamoo baba mdogo," ilianza.

Alisema nyumbani kwao hawana picha ya baba inayotembea hata moja. Wana picha mbili za mgando, moja ya kitambulisho. Mama yao aliolewa na mpiga gitaa na hakuna mjukuu aliyewahi kumwona akipiga. Alipoiona ile video mara ya kwanza alikasirika kwa sababu alidhani atamwona baba, akamkuta mtu mwingine. Sasa ameisikia sekondi, ameirudia na mama yake, na mama amesema ndiyo, yule ndiye aliyekuwa akija kula ugali kwetu Tanga, miguu mirefu.

Halafu akamalizia hivi: "Watu humu wanasema ile video ifutwe. Baba mdogo, tunaomba isifutwe. Ndiyo mahali pekee ambapo gitaa la baba lina mikono. Ila muandike jina lake juu."

Liliandikwa. Sasa ukiipata video hiyo ikizunguka, mwanzoni kuna maandishi meupe, yameandikwa na kijana wa kwaya kwa programu ya bure, herufi zimekaa upande kidogo. Jina la aliyepiga solo, mwaka aliorekodi, mwaka aliofariki. Chini yake jina la anayeonekana, na neno moja: sekondi.

Mwezi uliofuata mzee na yule dada walipanda basi mpaka Mombo, wakabadilisha gari, wakapanda zile kona mpaka Soni. Walikaa siku mbili. Walichoongea huko ni cha kwao. Inajulikana tu kwamba walipeleka kapu la machungwa ya Muheza, wakarudi na plamu na mboga za baridi, na kwamba lile gitaa lilikwenda na waya wake.

Kwenye saluni mabishano yanaendelea kama kawaida, nani anaimba kweli na nani anatikisa midomo, huku klipu za Bongo Fleva zikipita ukutani. Yule dada siku hizi hazomei. Hata yule msanii wake wa zamani wa Mkwakwani akitokea kwenye TV, anaacha kusuka kidogo, anamtazama. Mabinti wanamwuliza anamtazamia nini mtu wa CD. Anajibu kwamba anatazama kama anafumba macho.

Na mtaani bado. Miaka zaidi ya 25 haifutiki kwa ujumbe mmoja wa sauti. Mzee akipita stendi asubuhi na kikapu chake, vijana wa bodaboda wanainua mikono.

"Shikamoo Mzee Solo!"

"Marahaba," anajibu, bila kusimama. "Sekondi."